Alikufa Kidogo

Wajukuu wangu wananicheka. Mmoja akijigonga kichwa mlangoni, wenzake hunigeukia hata kabla hajaanza kulia: "Koko, uliza basi!" Nami huuliza. Ulilia palepale au ulinyamaza kwanza? Ulisikia watu wakikuita? Tumbo linachafuka? Hebu nitazame, usifumbe macho. Wanadhani ni ugonjwa wa uzee, na mimi nimechoka kueleza. Lakini kuna swali moja ambalo huwa naliuliza la kwanza, nalo ndilo nililojifunza kwa kuchelewa. Nitaliandika hapa mara moja, ili nisiulizwe tena kwa nini siwezi kuona mtoto akianguka bila kuinuka kitini.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, hapa Bukavu. Tulikaa Kadutu, mlimani, mahali ambapo weusi waliruhusiwa kukaa. Mume wangu alikuwa fundi wa mota katika mashua iliyokwenda Idjwi kupakia kahawa, na mara nyingi alilala hukohuko siku tatu au nne. Mimi nilikuwa na watoto watatu na kazi kwenye dispanseri ya watoto. Wanawake wenye kazi ya gauni jeupe walikuwa wachache, na sitadanganya, nilijiona. Nilipima uzito wa vichanga, nilikung'uta termometa, nilifagia, na juu ya yote nilikuwa mdomo wa munganga, daktari wetu. Ndivyo akina mama walivyoniita: Mudomo. Munganga mwenyewe alikuwa mzungu mfupi mwenye uso wa mtu aliyelala kwenye kiti. Kiswahili chake kilitosha kuomba maji na kusema "fungua mudomo". Mengine yote yalipitia kwangu.

Vichwa vilikuja na mvua. Anayejua Kadutu anajua ule mteremko, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Watoto walikata vigogo vya migomba, wakavikalia na kuteremka navyo hadi chini, wakipiga kelele, na chini kulikuwa na rigoli za mawe walizochimba wafungwa ili maji yasibomoe njia. Wengi walisimama kabla ya mawe. Wengine hawakusimama. Msimu wa mvua ulipoanza tu, kila asubuhi benchi letu lilikuwa na kichwa kimoja au viwili, vimefungwa kitambaa, vimepakwa siagi ya ng'ombe, na vingine vimebandikwa majani ambayo munganga aliyabandua kwa vidole viwili huku akipumua kwa nguvu.

Kwa sababu ya vichwa hivyo aliandika maswali kwenye kipande cha karatoni, akakipigilia misumari juu ya mizani. Alianguka kutoka wapi. Alitapika. Damu au maji yalitoka sikioni au puani. Anatembea kama kawaida. Analala kuliko kawaida. Lakini lile la kwanza kabisa alilipigia mistari miwili chini, kwa wino mwekundu: A-t-il perdu connaissance? Alinieleza kwamba hilo ndilo linalopanga mengine. Likijibiwa ndiyo, mtoto harudi nyumbani, anapelekwa hospitali Ibanda kulazwa na kuangaliwa, hata kama anacheka. Likijibiwa hapana, mara nyingi anaweza kurudi na mama yake.

Nilielewa vizuri, au nilidhani. Shuleni kwa masista tulikuwa na daftari la maneno, Kifaransa mkono wa kushoto, Kiswahili mkono wa kulia, na mimi nilikuwa nimelihifadhi daftari langu lote kichwani, kitu ambacho wenzangu hawakukiweza. Connaissance: maarifa, akili. Perdre: kupoteza. Kwa hiyo nilimgeukia kila mama aliyeketi kwenye benchi lile, nikamuuliza kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Maman, mutoto alipoteza akili?"

Na kila mama alisema hapana.

Wengine walisema hapana kwa upole. Wengine waliguna. Mmoja alitema mate pembeni, akafunga mtoto wake mgongoni na kuondoka bila dawa, nami nikasema moyoni, watu wa milimani hawana adabu. Nilimwambia munganga "non, docteur", mabega yake yakashuka, akaandika. Siku moja, akinawa mikono, alisema watoto wa huku wana mafuvu magumu, kwao Ulaya mtoto akigonga jiwe namna hiyo lazima azimie. Nikacheka pamoja naye. Kicheko hicho nakikumbuka kuliko mambo mengi niliyoyafanya maishani, na sikipendi.

Mtu ataniuliza, kwani hukusikia wenyewe wanavyosema mtoto akizimia? Nilisikia. Nilizaliwa ndani ya msemo huo. Kwetu taa inakufa, mota inakufa, na mtu akianguka akalegea, macho yakapinduka, asisikie akiitwa, basi amekufa kidogo. Akimwagiwa maji akarudi, amefufuka. Kwenye benchi lile walikuwa wakiambiana mbele ya pua yangu: "Alikufaka kidogo, tukamumwangia maji, akafufuka." Lakini msemo huo nilikuwa nimeuandika mara hamsini ubaoni. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwambia sista kwamba mwenzangu amekufa kidogo kanisani kwa sababu ya njaa. Sista alikasirika akawa mwekundu. Mtu hafi kidogo, alisema, na aliyefufuka ni Bwana Yesu peke yake. Nikaandika mara hamsini, mbele ya darasa zima lililokuwa likinicheka. Tangu siku hiyo maneno hayo hayakupita tena mdomoni mwangu. Mama akiyasema kwenye benchi, nilimwambia munganga kwamba mtoto alishtuka. Au sikumwambia kitu, kwa sababu mstari ulikuwa mrefu na hayo yalikuwa mazungumzo ya kijijini.

Nilifanya hivyo miaka miwili.

Sasa siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakatika. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kwao, upande wa Kabare, kunisaidia watoto wakati mume wangu yuko Idjwi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyerudia neno, na hakuwahi kunisamehe kabisa ile kazi ya gauni jeupe. Mimi nilimwogopa na kumheshimu kwa pamoja, kama inavyopasa. Sikuketi mkeka mmoja naye. Akiniambia jambo niliitikia nikiangalia chini.

Karibu saa nne asubuhi nilimwona anaingia dispanseri. Alikuwa amembeba mgongoni binti yangu mkubwa. Msichana wa miaka saba habebwi mgongoni. Miguu yake ilikuwa inaning'inia hadi magotini mwa bibi yake. Niliangusha termometa. Ilivunjika, zebaki ikakimbia chini ya mizani, na hakuna aliyenigombeza.

Juu ya sikio la kulia alikuwa na nundu, imepakwa siagi. Alikuwa macho. Aliniambia mwenyewe, "Maman, niliteleza," kwa sauti ya anayeogopa kuchapwa, na kwa sababu alizungumza, moyo wangu ukarudi mahali pake. Munganga aliniambia niketi, kisha akaniomba radhi, akasema lakini lazima tuulize. Hakukuwa na mdomo mwingine pale. Basi nikasimama mbele ya mama mkwe wangu, benchi zima likitusikiliza, nikaangalia vidole vya miguu yake vilivyojaa udongo mwekundu, nikauliza swali la kwanza kama nilivyoliuliza siku zote.

"Mama, munganga iko nauliza, mutoto alipoteza akili?"

Akasema polepole, ili kila mtu asikie:

"Ni weye njo unaniuliza ile? Kwetu hakuna mutu wa wazimu. Labda kwenu."

Benchi likacheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Mama mkwe haulizwi mara mbili, na mimi nisingemuuliza mara mbili hata kama nyumba inaungua. Nikageuka.

"Non, docteur."

Alimmulika macho kwa tochi yake ndogo. Mboni zote mbili zilikuwa sawa. Akamtembeza hatua kumi, akamwambia ashike pua. Binti yangu alishika pua. Munganga akatabasamu, akasema huyu naye ana fuvu gumu, arudi nyumbani, aangaliwe, akitapika au akilala usingizi usioamshika aletwe mbio. Mimi akaniruhusu niende naye.

Sikwenda. Mstari ulikuwa bado unafika mlangoni, na nilitaka kuonyesha kwamba sisi weusi tukipewa kazi tunaimaliza. Nilimwambia mama mkwe atangulie. Nilibaki hadi saa saba.

Nilipopanda nyumbani, mtoto alikuwa amelala. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi vitamu mlangoni. Alisema alicheza kidogo na wadogo zake, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza. Nilichungulia. Alikuwa amelalia ubavu, mdomo wazi, anakoroma. Alikuwa hajawahi kukoroma. Nikafikiri ni mafua. Nikala viazi. Nikafua gauni langu jeupe, nikalianika juu ya ua, nikalinyoosha pindo kwa vidole ili likauke vizuri. Nayaeleza hayo yote kwa sababu watu wanadhani hatari inakuja na mayowe. Ilikuja nikiwa nafua.

Karibu saa tisa nilisema, si kwa kuuliza, kwa kusema tu, kwamba mtoto amelala sana leo.

"Muache alale," mama mkwe akajibu. "Mutu akisha kufa, anachoka."

"Nani alikufa?"

"Si ni mutoto. Pale ku rigoli. Alikufaka kidogo. Nilimumwangia maji, akafufuka." Akatupa ganda la kiazi kwa kuku. "Siye miye nilikuwa pale?"

Nilisikia maneno hayo, na ule ubao wa masista ukanijia wote, mstari wa kwanza hadi wa hamsini. Nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea:

"Mama! Sababu gani haukuniambia?"

Akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nami nilimwangalia machoni.

"Haukuniuliza," akasema.

Nilimtikisa binti yangu, nikamwita jina lake, nikamfinya. Aliguna tu. Mto ulikuwa umelowa matapishi upande wa ukutani, upande ambao sikuuchungulia. Nilimfunua jicho moja, kisha la pili, kama nilivyomwona munganga akifanya. Mboni moja ilikuwa ndogo kama mbegu ya mtama. Ile ya kulia ilikuwa imefunguka, nyeusi, kubwa, na haikunijali.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimeujua msemo huo tangu utoto, nikautumia kuwagombeza wengine.

Nilimfunga mgongoni kwa kikwembe na kuteremka mlima. Munganga mchana alikuwa hospitalini Ibanda. Njia ile ile ya udongo, rigoli ile ile. Mama mkwe alikuja nyuma yangu, peku, akiomba kwa sauti kwa Kimashi, akinishika kiuno kila nilipoteleza. Kule chini kamioni ya mchanga ilisimama bila sisi kuisimamisha. Dereva alifungua mlango, akaona kichwa cha mtoto kinavyoyumba, hakuuliza tunakwenda wapi.

Munganga alitukuta kwenye baraza. Alimfunua macho mara moja tu. "Uliniambia hapana," alisema kwa Kifaransa. Hakupaza sauti.

"Nilisema hapana."

"Bibi alisema nini hasa? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Na hata pale bado nilisikia aibu, Mungu anisamehe, mtoto wangu anakufa na mimi nasikia aibu ya Kifaransa kibaya. Nilisema: elle est morte un peu. Amekufa kidogo. Nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliuliza, kwa muda gani. Nikamgeukia mama mkwe, nikamuuliza, naye akafikiri kwa makini kabisa, akajibu: "Salamu Maria mbili. Ya tatu nilikuwa katikati, akafungua macho." Nikatafsiri na hilo. Munganga alikuwa ameshaanza kukimbia na machela.

Walimtoboa fuvu. Sitaki kueleza zaidi, sikuona. Tuliketi kwenye benchi la saruji, mama mkwe na mimi, benchi moja, na hakuna aliyekumbuka kwamba haifai. Mvua ya jioni ikaja. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyochoka kuzaa. Mara moja aliniuliza, "Ule swali yako ya asubuhi, muzungu alikuwa nataka kujua nini?" Nikamwambia: alitaka kujua kama alikufa kidogo. "Basi alikuwa na haki ya kuuliza," akasema. "Ni weye uliuliza vibaya." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa nguo nyuma mbele.

Munganga alipotoka alifanya jambo ambalo wazungu hawakulifanya, aliketi kando yetu. Alisema damu imetolewa, mtoto anapumua vizuri, tungoje. Kisha akaeleza, na mimi nikatafsiri huku na huku, na safari hii kila kitu. Kichwa kikipigwa, mtoto anazimika. Halafu anarudi, anazungumza, anacheza, na kurudi huko ndiko kunakodanganya. Ndani, mshipa mdogo umepasuka, damu inajaa kati ya mfupa na ngozi ya ubongo, taratibu, kama maji yanavyoingia chini ya sakafu ya nyumba. Juu pakavu, chini panajaa. Ubongo unakosa nafasi. Ndipo usingizi unapokuja. Usingizi ule si usingizi. Mama mkwe alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hilo linaeleweka, na kwa nini halikusemwa mapema.

"Sema tena," munganga akaniambia mwishoni. "Lile neno." Nikalisema. Akajaribu mwenyewe: "A-li-ku-fa ki-do-go." Mama mkwe akamsahihisha matamshi.

Binti yangu aliamka kesho yake, akaomba maji, kisha akaomba viazi. Leo ni mama wa watu. Juu ya sikio la kulia ana kishimo ambacho kidole changu kinaingia, na akichoka maneno humkimbia, anakiita kijiko "ile ya kulia chakula". Mume wangu alirudi kutoka Idjwi akamkuta amenyolewa kichwa kizima. Alimpapasa, akatoka nje, akakaa kwenye rigoli hadi chakula kikapoa.

Nilirudi kazini baada ya majuma mawili. Munganga alikuwa ametoa karatoni ya zamani, akaniwekea mpya tupu na kalamu. Niliandika swali la kwanza kwa mkono wangu, kwa Kiswahili cha benchi, nikalipigia mistari miwili chini. Sista angenipiga rula.

Wa kwanza asubuhi ile alikuwa mwanamke mwembamba, amempakata mtoto wa kiume wa kama miaka minne mwenye nundu kwenye paji. Nilimfahamu kwa sura, alikuwa ameshakuja. Niliketi kando yake. Sikusimama tena mbele ya watu.

"Maman, mutoto alikufaka kidogo?"

Uso wake ukafunguka, kama mtu aliyesikia lugha yake ugenini.

"Eh! Alikufaka kidogo. Muda ya kufunga kikwembe, kisha akafufuka." Akamgeuza mtoto ili nione nundu vizuri. "Sawa na dada yake, mu mvua ya mwaka yenye ilipita. Ule naye alikufaka kidogo, akafufuka, akacheza, kisha akalala, hakuamuka tena. Tulimuletaka hapa, bado anacheza."

"Hapa?"

"Hapa, ku benchi hii. Ni weye uliniuliza kama iko na wazimu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza tu, kwa sababu nimeuliza. Nyuma yangu munganga alikuwa amesimama na kalamu mkononi, akaniuliza mama huyu anasema nini.

Nikamtafsiria, neno kwa neno, yote.